Zamu ya Maji Kyaluma

12 Oktoba 1985, Jumamosi

Leo mume wangu Salim, Baba Faki, amekabidhiwa ufunguo wa lango la maji. Ameufunga kwa kamba na kuuvaa shingoni, na tangu asubuhi anaugusagusa kama mtu mwenye jino jipya. Sikumcheka. Tangu ng'ombe wetu wafe mwaka jana, hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya mshahara.

Nimeamua kuandika kila kitakachotokea msimu huu, maana ni msimu wa kwanza wa bwawa. Kijito chetu cha Kyaluma hutoka chini ya mawe meusi ya vilima vya Chyulu. Zamani kila mtu alichimba mfereji wake mdogo akaelekeza maji anakotaka. Watu wa juu hulima mahindi na mboga. Sisi wa bondeni tunalima mpunga, mbegu aliyokuja nayo babu yake Salim alipotoka Pwani kufanya kazi ya reli. Wakamba wa hapa walisema bonde ni la mbu, wakatuachia. Baadaye nao wakashuka, hasa wanawake wasio na ardhi kwingine.

Njaa ya mwaka jana ilitufundisha sote. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada hadi watoto wakasahau rangi ya ugali. Ndipo Mzee Nzomo akaanza safari zake za Machakos, mara kwa mara, viatu vimepasuka, kuomba mradi wa kutusaidia ukame ukirudi. Wafadhili walikubali. Bwawa dogo likajengwa, na lango lenye matundu mawili: moja la mfereji mpya wa simiti wa juu, jingine la mfereji wetu wa zamani wa chini.

Mzee Nzomo, mkulima wa juu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Sijui nani mwingine angestahili.

20 Oktoba

Upepo na vumbi. Mawingu yalipita kwenda kwa wengine.

27 Oktoba

Mkutano kando ya bwawa. Bwana Ndolo, bwana shamba wa mradi, kijana mpole wa Mbooni, alituambia mvua haitakuwa ya kutegemewa kama ya wazee wetu, hivyo lazima tubadilike. Alisifu michungwa na vitunguu, kwa kuwa barabara ya Mombasa iko karibu na malori hayakosi. Mpunga hakuukataza, ila alisema unakunywa maji mengi.

"Maji yatagawanywa sawa kwa kila mtu," akamaliza.

Mutindi akasimama. Huyu ni mjane, shamba lake ni la mwisho kabisa chini, na hakuna mkutano ambao hasimami.

"Sawa namna gani?" akauliza. "Mutahesabu watu ama mutahesabu ekari?"

Ndolo akamtazama mwenyekiti. Mzee Nzomo akasema, "Mutindi, ngoja kwanza maji yajae, ndiyo tuulize ya kugawa."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mutindi hunichosha, naona anatafuta ugomvi mahali ambapo bado haupo.

3 Novemba

Mvua. Ilianza alfajiri ikanyesha mpaka adhuhuri. Nimemwaga mbegu kitaluni kwa furaha.

9 Novemba

Mvua tena. Miche imechomoza.

26 Novemba

Tulikwenda Mtito Andei kwa Maulidi, tukalala kwa shangazi yake Salim, Bi Khamisa. Pilau, kasida, na madereva wa malori wamekaa na sisi mkekani kana kwamba wamezaliwa hapo. Mwanetu Faki alikuja kutoka Mombasa anakosoma, tukamwona siku moja.

Tuliporudi nilikuta ua wa kitalu changu umezibwa kwa matawi mapya ya miiba. Jirani akaniambia mbuzi walivunja ua siku tuliyoondoka, na Mutindi aliwafukuza, akakata miiba, akaziba, na jioni zote akawa anapita kuangalia. Hakutumwa na mtu.

Nilimpelekea halua. Akaipokea kwa mikono miwili, akanusa, akasema, "Hii ni ya mafuta mengi. Nitakula na Kavata." Kavata ni binti yake. Alirudi kwenye jembe lake.

5 Desemba

Tunapandikiza. Wanawake wa bondeni huenda pamoja, leo shamba hili, kesho lile. Tulianza kwangu maana shamba letu liko karibu na lango, tukashuka hadi kwa Mutindi. Matope yanafika magotini na mgongo unauma hadi mtu anacheka bila sababu.

Kwa Mutindi nilimwuliza ilikuwaje akaja huku chini.

"Bwana alipokufa, ndugu zake walisema shamba la mlimani ni lao," akasema bila kuinua kichwa. "Nikaja hapa. Ilikuwa matete tupu. Niling'oa na Kavata mgongoni. Hakuna aliyekuja kuniambia ni la nani, kwa sababu hakuna aliyelitaka."

Shamba lile ni dogo, lakini kingo zake zimenyooka kuliko za mtu yeyote Kyaluma.

15 Desemba

Mvua imekatika. Anga nyeupe. Maji ya bwawa yamerudi nyuma, udongo wa kando umeanza kuonekana.

Kamati imekaa. Wameamua maji yagawanywe kwa ekari. Mwenye ardhi kubwa apate zaidi, mwenye ndogo apate kidogo. Salim ameambiwa afungue tundu la chini Jumanne na Ijumaa tu, siku zilizobaki maji yaende juu.

Nilikumbuka swali la Mutindi la mwezi wa kumi, na kicheko changu.

25 Desemba

Majirani wametuletea chapati za Krismasi. Wimbo kutoka kanisani unasikika hadi mashambani. Joto kali.

2 Januari 1986, Alhamisi

Salim amerudi nyumbani. Nilimtengea chakula, akakivuruga tu.

"Wamesema nifunge na Jumanne," hatimaye akasema.

"Tundu la chini?"

"Ndiyo. Ijumaa tu ndiyo imebaki, tena nusu. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Mzee Nzomo anataka michungwa na vitunguu viwe kijani siku hiyo."

"Na mpunga?"

"Amesema ni wiki chache."

"Baba Faki, mpunga unakaribia kutunga mimba. Wiki chache ndizo zenyewe."

Akaweka kijiko chini. "Unadhani sijui? Nimekulia katika mpunga. Lakini mimi nimeandikwa kufunga na kufungua. Nikikataa, kesho ufunguo uko kwa mwingine na maji yanafungwa vilevile."

Kinachoniuma zaidi ni shamba letu. Liko chini ya mfereji mpya wa simiti, na simiti ile imeshapata nyufa. Maji yanavuja usiku na mchana, yanaingia kwetu. Hata tundu la chini likifungwa mwezi mzima, mimi nitavuna.

10 Januari

Leo Ijumaa maji yalifika hadi katikati ya bonde, yakamezwa. Kwa Mutindi hayakufika. Udongo wake umepasuka, mtu anaweza kuingiza kidole.

Wanawake watatu walikuja kwangu wakaniomba nizungumze na mume wangu. Mmoja alilia. Mutindi alikuwa nao, lakini alisimama kando.

Nilipomaliza kuwasikiliza nilimwuliza, "Na wewe, Mama Kavata, huniombi?"

"Mume wako ametumwa," akasema. "Nitamsumbua bure. Mimi nataka aliyemtuma."

Walipoondoka nilikwenda kutazama mpunga wangu. Ulikuwa umenona, unang'aa. Nilitamani ungekauka kidogo.

14 Januari

Nilikwenda kwa Mzee Nzomo mwenyewe. Nilivaa buibui langu jipya ili aone nimekuja kwa heshima. Nilimkuta kwenye michungwa yake, anapalilia mwenyewe, jasho linamtoka. Mkewe alinipa uji.

"Mzee," nikasema, "watu wa chini wanapoteza mpunga."

"Najua, Mama Faki."

Nilidhani angekataa. Nikabaki na kikombe mkononi.

"Kaa chini," akasema. "Nikuulize. Hili bwawa linatosha sisi sote?"

"Halitoshi."

"Halitoshi. Nililiona halitoshi siku walipopima. Lakini hawa wageni wakiona kitu kimefaulu, wanajenga la pili, kubwa, kule juu kwenye mawe. Nimeongea nao. Wakija wakaona huku kijani nusu, kule kijani nusu, kila mtu ana kidogo cha kufa nacho, wataandika kwamba Kyaluma imeshindwa. Watahamia Nuu, ama watahamia kwingine. Sasa mimi nifanye nini?"

"Kwa nini kijani kiwe kwako?"

Aliacha kupalilia. Niliogopa nimevuka mpaka. Lakini alijibu polepole. "Kwa sababu mfereji unapita kwangu. Sikuuweka mimi, wenye kupima waliuweka. Na vitunguu vinapendeza kwa picha kuliko matope." Akafuta jasho. "Mwaka jana nilizika mjukuu, Mama Faki. Hakuwa mgonjwa. Alikosa chakula tu. Nilisema nikiwa hai haitarudi. Hawa wa chini wataumia msimu mmoja. Bwawa la pili likija, watalima miaka yote."

"Umewaambia wao hivyo?"

"Wangekubali?"

"Sijui. Hujawauliza."

Akashika jembe lake tena. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa. Nilikwenda kumchukia, nikarudi siwezi. Nusu ya maneno yake ni kweli. Lakini anayelipa kwa ajili ya ukweli huo ni Mutindi, na hakuna aliyemwuliza kama ana cha kulipia.

19 Januari

Bwana Ndolo alipita kwa pikipiki. Nilimsimamisha. Alisema amewaandikia wakubwa wake kwamba mgao wa ekari si wa haki, hakujibiwa. "Mimi ni mdogo, mama," akasema, akatazama chini.

Tuko wengi wadogo hapa Kyaluma.

26 Januari

Imevuma kwamba Jumanne wageni wataambiwa sisi wa bondeni tumekubali kupumzisha mashamba. Nilimwuliza Salim kama amesikia. Amesikia.

"Usiende kwenye mkutano," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua."

Tangu tuoane hajawahi kunikataza kitu kwa sauti ile, ya chini, kama anaomba.

28 Januari, Jumanne

Nilikwenda.

Wageni walikuja kwa magari mawili. Wazungu wawili, maofisa kutoka Machakos, na mama mmoja Mwafrika, injinia wa maji, aliyevaa viatu vya mpira kama amejiandaa kukanyaga. Walitembezwa kwenye vitunguu na michungwa. Wanawake wa kanisa waliimba. Kila kitu kilipendeza, lazima niseme. Mzee Nzomo aliwaeleza vizuri jinsi tulivyoteseka mwaka jana, na hapo hakuongeza chumvi hata chembe. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga.

Kisha wakaja langoni, ambako sisi wengine tulikuwa tumekaa kwenye nyasi. Salim alisimama kando ya usukani wa lango, kanzu imepigwa pasi. Hakunitazama.

Yule mama injinia akaonyesha bonde kwa mkono. Kutoka pale juu lilionekana la kahawia. "Na hawa wa kule chini?" akauliza.

"Hao walikubali kupumzisha msimu huu," Mzee Nzomo akasema. "Tulielewana."

Nilimtazama Mutindi. Nilingoja asimame kama kawaida yake. Hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa nyasi moja moja. Nikaelewa kwamba amechoka. Msimu mzima amesimama peke yake, tukamcheka.

Basi nikajikuta nimesimama mimi.

"Hawakukubali," nikasema. "Hakuna aliyewauliza. Mpunga wao ulikuwa umeshapandikizwa. Lango lilifungwa, na anayelifunga ni mume wangu, kwa hiyo najua."

Maji yalisikika yakipita kwenye mfereji wa juu. Mzee Nzomo alinitazama kwa huzuni zaidi ya hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mama injinia akamgeukia Salim. "Ni kweli, bwana?"

Sasa watu wote wakamtazama yeye. Salim alishika usukani wa lango kama anayetaka kuuzungusha. Niliwaza, akisema hapana, nyumba yetu imekwisha, na sitaweza kumlaumu.

"Ni kweli," akasema. "Niliambiwa nifunge, nikafunga."

Wageni walishuka bondeni. Hawakupangiwa, lakini walishuka, viatu vyao vikizama kwenye vumbi palipotakiwa kuwa na matope. Kwenye shamba la mwisho mama injinia alichuchumaa, akashika mpunga uliokuwa umejikunja. Akamwuliza Mutindi anataka nini.

Mutindi alifikiri. "Sitaki kupewa kuliko mtu," akasema. "Najua maji ni kidogo. Kama ni kupunguza, tupunguze sisi wote. Isikuwe mimi napunguziwa ndio mwingine aongezewe, halafu munasema mradi umetusaidia."

Mmoja wa Wazungu aliomba atafsiriwe. Ndolo alitafsiri, neno kwa neno, kwa sauti kubwa.

29 Januari

Kamati imechukua ufunguo. Salim ameurudisha. Hasemi na mimi.

1 Februari

Watu wawili wa juu wamenikuta dukani. Mmoja akasema, "Umetufukuzia wafadhili, Mama Faki. Bwawa la pili ukachimbe wewe." Nilichukua mfuko wangu nikaondoka, maana huenda ni kweli. Bwana Ndolo amesema wageni wataandika kwanza, watafikiria baadaye.

3 Februari

Salim ameondoka kwenda Mtito Andei. Bi Khamisa amempatia kazi katika hoteli ya madereva. Aliniaga kwa salamu ya mlangoni, kama mgeni.

6 Februari, Alhamisi

Baraza la D.O., mkuu wa tarafa, kuamua ugomvi wa maji. Lilianza asubuhi, likaisha jua limeegemea. Watu wa juu walisema wao wana ardhi kubwa na wamepanda miti ambayo ikifa hairudi kwa msimu mmoja. Wa chini wakasema wao wana watoto wa kulisha, na tumbo halipimwi kwa ekari. Kila upande ulikuwa na haki yake, na nilimhurumia D.O. aliyekuwa anajipepea kwa kofia.

Mwishowe ikaamuliwa: zamu ni kwa nyumba, siyo kwa ekari. Bwawa likishuka, zamu ya kila nyumba inapungua kwa kipimo kimoja, juu na chini. Wakati wa ukame zamu inaanzia mkiani, shamba la mwisho chini, na kupanda. Wa bondeni wachague watu wa kuingia kamatini. Nyufa za mfereji zizibwe.

Hili la mwisho nililipendekeza mimi. Nilieleza wazi kwamba maji yale yanaingia kwangu. Watu walicheka kidogo, na safari hii kicheko hakikuwa kibaya.

Mzee Nzomo hakupinga. Alisema tu, "Ningewauliza mapema, labda tungekuwa na mawili, haki na bwawa." Kisha akakaa, na nikaona jinsi alivyozeeka tangu Oktoba.

8 Februari

Maji yamefika kwa Mutindi. Kavata alikimbia nayo pembeni mwa mfereji kutoka juu hadi chini.

20 Februari

Kwelea kwelea, wale ndege walao punje, wameshuka. Tunaamia, tunawafukuza tangu alfajiri, tunapiga madebe, sauti zimekauka. Mpunga wa katikati ya bonde umeinuka vizuri. Wa Mutindi sehemu umepona, sehemu ni mapepe matupu, ukibonyeza punje hakuna kitu ndani. Maji yalichelewa.

22 Februari

Ndege. Koo.

15 Machi, Jumamosi

Kuvuna. Safari hii tulianza kwa Mutindi. Alivuna kama nusu ya kawaida yake. Iliyobaki tulikata ikawa nyasi za ng'ombe wa watu. Hakulalamika, hakujifanya hajali pia. Alikaa kwenye ukingo akatazama ile sehemu tupu muda mrefu, nasi tukamwacha.

Tulikuwa tunafunga miganda nilipomwona Salim anashuka kutoka barabarani, mfuko begani. Hakuja kwangu kwanza. Aliweka mfuko, akakunja suruali, akachukua kisu cha kuvunia cha mtu aliyekuwa anapumzika, akaingia shambani.

Jioni, tukiwa tumekaa nje tunakunywa chai, akasema, "Siku ile nilitaka kukana."

"Nilikuona."

"Nilikuwa na neno la uongo tayari mdomoni. Nikafikiri, nikisema hivi, nitakuwa nafungua na kufunga lile lango maisha yangu yote, na wewe utakuwa unanitazama."

"Ningekutazama tu, Baba Faki. Nisingesema kitu."

"Ndilo hilo nisingeweza kulivumilia."

Tukanywa chai yetu.

22 Machi

Kamati mpya imekutana. Tangu Februari lango linashikwa na wanakamati kwa kupokezana, na kila siku kuna mzozo. Mzee Nzomo alisimama akapendekeza Salim arudishiwe kazi. Kila mtu alishangaa, mimi zaidi.

Salim akashukuru, akakataa. "Mpeni mtu wa mkiani," akasema. "Mimi shamba langu liko hapa hapa langoni, sijawahi kukosa maji. Mpeni ambaye maji yakikosewa yeye ndiye wa kwanza kukosa."

Walibishana. Wengine walisema mwanamke hawezi kuzungusha usukani ule. Mutindi akaenda akauzungusha, na ufunguo akapewa yeye.

Salim atabaki Mtito Andei wakati wa wiki na kurudi Ijumaa. Si tulivyotaka, lakini ni kazi.

1 Aprili, Jumanne

Mvua za masika hazijaja, ingawa mawingu yako Chyulu. Barua ya wafadhili pia haijaja. Bwana Ndolo anasema tusikate tamaa. Mimi sijui. Wengine hawanisalimii bado, na wakipata bwawa siku moja labda watanisalimia.

Asubuhi nilikuwa langoni nachota maji. Zamu za chini ziliisha jana. Mzee Nzomo alikuja na jembe lake akasimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Michungwa yake imeanza kujikunja majani.

Mutindi alimwona. Alifungua kufuli, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha mpaka alama waliyoikubali wote, si chini yake, si juu. Maji yakaingia mfereji wa juu.

"Asante, Mutindi," mzee akasema.

"Ni zamu yako, mzee," akajibu. "Enda uongoze maji, yasimwagike."

Mzee akaondoka haraka kufuata maji yake. Mutindi akakaa kwenye jiwe, akaniuliza kama kwetu mpunga umekauka vya kutosha kutwangwa.